Ndoo ya udongo na fungu la ukindu: mwongozo wa kazi za mikono kwa watoto wenye mahitaji maalumu

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, ukuta wetu ulipendeza kuliko wa darasa lolote pale shuleni. Vipepeo vya karatasi, vikapu vidogo, kadi za Idi na za Krismasi. Mgeni akija, darasa la kwanza kuoneshwa ni letu. Jambo ambalo sikuwa nikilisema ni kwamba vipepeo vile nilivikata mwenyewe, usiku, nyumbani kwangu. Watoto walichofanya ni kuguswa kidole kwenye gundi. Siku moja mama mmoja alikishika kipepeo chenye jina la mwanawe, akakigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mwalimu, hiki alikifanyaje, na mkono wake ule?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile darasani kwangu kuna sharti moja: kisichotengenezwa na mkono wa mtoto hakipandi ukutani. Ukuta umekuwa na sura ya ajabu kidogo, lakini ni wa kwao. Haya yafuatayo ni yale niliyojifunza kwa kulishika sharti hilo, na nimeyaandika kwa mzazi aliye nyumbani na mwalimu mwenzangu wa kitengo ambaye bajeti yake ni ndoo mbili na chaki.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "tiba", maana wapo wanaoziita kazi hizi tiba. Tiba ya sanaa ni taaluma inayosomewa. Jina lake lilianza kutumiwa Uingereza mwaka 1942 na mchoraji Adrian Hill, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu, akaona kwamba kuchora kunampitishia siku ndefu za kitandani na kumtuliza, kisha akaanza kuwaelekeza wagonjwa wenzake. Mimi na wewe si matabibu. Udongo hauondoi usonji, wala ukindu haunyooshi mkono uliokakamaa kwa mtindio wa ubongo. Unachoweza kupata ni mtoto anayetumia vidole vyake zaidi ya jana, anayekaa mezani dakika kumi badala ya mbili, anayeonesha hasira yake kwenye donge badala ya kwenye sikio la mwenzake. Kama hospitali ya karibu ina mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayemfundisha mtu kazi za kila siku kama kula na kuvaa) au wa mazoezi ya viungo, mpeleke mtoto, kisha umuulize mtaalamu huyo ni kazi gani ya mikono inamfaa. Atafurahi kuulizwa.

Kabla hujanunua chochote, muulize anayemwogesha

Anayemjua mtoto ni yule anayemwogesha na kumlisha. Pengine ni mama, pengine ni bibi, pengine ni dada wa kazi. Kaa naye chini uulize haya, na uyaandike.

Je, mtoto hutia vitu mdomoni? Jibu likiwa ndiyo, shanga ndogo, vifungo na komwe vinatoka kwenye orodha mpaka hapo tabia itakapobadilika.

Ana kifafa? Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wanacho. Uliza degedege lake huanzaje na dawa anakunywa saa ngapi. Likimpata akiwa kazini, ondoa vitu vilivyo karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, tazama saa. Likipita dakika tano, ni hospitali.

Alizaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo haukufunga sawasawa tumboni mwa mama? Swali hili wengi hawaliulizi. Watoto hawa wamo katika hatari kubwa ya kupata mzio wa mpira wa asili, kwa sababu ya kuguswa mara nyingi na glavu na mipira ya hospitali tangu wakiwa wachanga. Kwa hiyo kwao hakuna maputo, hakuna glavu za mpira, hakuna vipande vya ndala wala tairi. Tumia kitambaa.

Kipi hapendi kuguswa nacho? Kipi hakitoki mkononi mwake? Mkono upi ndio wa kwanza kunyanyuka? Akitaka choo anaonesha vipi? Hili la mwisho limeniharibia vipindi vingi kuliko yote.

Kiti kwanza, kazi baadaye

Mtoto anayehangaika asianguke hana mkono wa kufanyia kazi, kwa sababu mikono yote imeshika kiti. Hakikisha nyayo zimekanyaga kitu. Zikining'inia, weka tofali au kreti chini. Magoti yakunjwe vizuri, nyonga zirudi nyuma kabisa ya kiti, na meza iwe usawa wa kiwiko. Akiegemea upande, kunja kanga kuukuu iwe kama mto mwembamba na uichomeke ubavuni. Kanga mbili za namna hiyo zimefanya kazi ambayo watu hudhani inahitaji kiti cha kununua.

Na kiti chenyewe kinaweza kutengenezwa. Zimbabwe, mwalimu aliyeitwa Bevill Packer alianzisha ufundi wa kutengeneza samani kwa karatasi taka na maboksi, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya uji wa unga. Ufundi huo ukaenea nchi nyingi, na mpaka leo unatumika kutengeneza viti na vifaa vya kusimamia kwa watoto wenye ulemavu. Boksi likishakauka sawasawa, mtoto anakalia bila wasiwasi. Nautaja kwa sababu kutengeneza kiti ni kazi ya mikono pia. Watoto wakubwa wa kitengo wanaweza kuchana magazeti na kupaka uji kwa ajili ya kiti cha mdogo wao. Kuchana karatasi kunatumia mikono miwili kwa pamoja, na hakuhitaji mkasi.

Mbele ya kila mtoto weka sinia la bati. Sinia lina ukingo, vitu haviviringiki kwenda sakafuni, na mtoto asiyeona anajua mpaka wa kazi yake. Chini ya sinia tandika kitambaa kibichi ili lisiteleze. Kwa asiyeona, kila kitu kikae pahali pale pale kila siku: maji kulia, udongo katikati, kitambaa cha kufutia kushoto. Ukihamisha bakuli la maji bila kumwambia umemfanyia ubaya.

Mwenye uoni hafifu, na hapa namo wamo watoto wengi wenye ualbino, akae kivulini, mwanga umtoke nyuma na si usoni, na sinia litandikwe karatasi au kitambaa cheusi kama udongo ni mweupe. Kuanika kazi juani saa sita mchana si zamu yake.

Udongo

Nimejaribu rangi, karatasi, sufi, vifuniko vya chupa. Nikiambiwa nibaki na kitu kimoja tu, nitabaki na udongo. Hauna kukosea. Mtoto akibonyeza, unabonyea. Alama ya kidole chake inabaki pale, anaiona, anaigusa. Kwa mtoto ambaye siku nzima watu wanamfanyia kila kitu, hiyo alama ni habari kubwa.

Nilianza na donge la unga wa ngano, kama wengi wanavyofundishwa, nikaacha. Sababu ya kwanza ni bibi mmoja aliyetukuta, akasimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba nyumbani kwake unga ule ungekuwa chapati za watu wanne. Alikuwa na haki. Sababu ya pili ni chumvi, nitaieleza mbele.

Udongo wa mfinyanzi hauuzwi ghali, na mara nyingi hauuzwi kabisa. Upo bondeni, kando ya mito, hata kwenye vichuguu. Uchimbe mbali na vyoo na mahali mifugo inapolala. Kuupima ni hivi: chukua kipande kibichi, kiviringishe kiwe kama nyoka mnene wa kidole, ukizungushe kidoleni. Kikipasuka pasuka kina mchanga mwingi, tafuta pengine. Kikikubali kujikunja, beba ndoo.

Nyumbani ukaushe, upondeponde, uuloweke siku mbili kwa maji mengi. Koroga, uchuje kwa kitambaa chepesi ili vijiwe na vijiti vibaki. Acha utuame, mwaga maji ya juu, kisha mimina ule uji mzito juu ya shuka kuukuu iliyotandikwa kivulini. Ukishaacha kunata viganjani, ukande kama unga wa maandazi mpaka hewa itoke. Ufunge kwa kitambaa kibichi ndani ya ndoo yenye mfuniko. Ndoo moja inanitosha muhula mzima kwa watoto wanane, kwa sababu kisichochomwa motoni kinarudi ndooni.

Wazee wanasema udongo uuwahi ungali maji, na methali hiyo nimeisikia ikitumiwa kuwakatia tamaa wazazi walioleta mtoto akiwa na miaka kumi na nne. Aliyeitunga hakuwa mfinyanzi. Udongo uliokauka, maadamu haujapita motoni, ukiuloweka unalainika tena.

Siku za kwanza usimwambie mtoto atengeneze kitu. Mpe donge la ukubwa wa chungwa, nawe chukua lako, ukae pembeni yake. Bonyeza lako. Litoboe. Lipige. Usiseme sana. Baada ya hapo, kwa wiki kadhaa, kazi huenda kwa mfuatano huu, na mtoto anaweza kusimama kwenye hatua yoyote kwa muda anaotaka: kuchoma kwa kidole, kupiga kwa kiganja mpaka liwe bapa, kugandamiza vitu, kama jani la mwembe, kombe la baharini, kisoda, kuviringisha nyoka juu ya sinia, kuviringisha tufe kati ya viganja viwili, ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana kwa sababu kila kiganja kinaenda upande wake, na mwisho kutoboa tufe kwa dole gumba na kulibana mzunguko mzima liwe kibakuli.

Mtoto wa mtindio wa ubongo ambaye ngumi yake haifunguki, usimvute vidole kwa ncha. Utamuumiza na ngumi itabana zaidi. Shika kifundo cha mkono, kikunje taratibu kuelekea chini, upande wa kiganja, huku ukisugua mgongo wa mkono. Vidole vitalegea vyenyewe. Hapo ndipo unapoweka donge, laini kiasi, lililokandwa kwa maji ya vuguvugu. Akishindwa kabisa kutumia vidole, kiwiko kinaweza kubonyeza, na kisigino pia kinaweza. Ninaye kijana anayetengeneza sahani kwa kisigino, na sahani zake ndizo nyembamba kuliko zote.

Watoto wenye sindromu ya Down misuli yao ni milegevu, kwa hiyo udongo mgumu huwachosha upesi. Uongezee maji. Wao kwa kawaida huiga vizuri. Kaa mbele yao, fanya polepole, nao watafuata.

Mtoto mwenye usonji anaweza kuukataa udongo kabisa, akalia ukimgusa tu. Usimlazimishe, na usimshike mkono kumchovya "ili azoee". Hazoei, anakuzoea wewe kama mtu wa kuogopwa. Panda naye ngazi. Siku moja atazame wenzake tu. Siku nyingine achome donge kwa kijiti. Kisha donge liwe ndani ya mfuko wa mkate uliofungwa, alibonyeze bila kulowa. Kisha ncha ya kidole kimoja, na kitambaa cha kufutia kiwe mkononi mwake mwenyewe, si mwako. Wapo waliovuka ngazi hiyo kwa wiki tatu, na mmoja alichukua mwaka. Yupo pia ambaye hakuvuka, na huyo sasa anasuka.

Kuhusu donge la unga na chumvi

Kama bado unalitaka, kwa sababu mjini udongo haupatikani, vipimo ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, na maji yasiyozidi kikombe kimoja ukiyaongeza kidogo kidogo. Binzari hutoa njano nzuri, maji ya choya hutoa rangi ya zambarau. Kazi hukauka juani kwa siku mbili au tatu, ingawa huku pwani chumvi huvuta unyevu wa hewa na masika yakifika kila kitu hulegea tena.

Lakini chumvi kiasi hicho ni hatari kwa mtoto anayekula asichopaswa kula. Akimeza donge kubwa, chumvi inaweza kupanda mwilini mwake hadi kumuua, na huyo hapelekwi kulala aone kama atatapika, anapelekwa hospitali. Mtoto wa aina hiyo mpikie ugali mgumu wa muhogo bila chumvi, ukipoa ndio donge lake, na ukimaliza kipindi utupe.

Hapo hapo niseme kuhusu mbegu. Watu hupenda kutunga mikufu kwa mbegu za porini. Zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo zinang'aa kama zimepakwa vanishi, ni sumu kali zikitafunwa au zikitobolewa na kumezwa. Mbegu za mbono pia. Hazifai kuingia darasani, hata kwa watoto ambao "hawali vitu".

Ukindu, vitambaa na katani

Kusuka ni kazi ya mtoto anayependa jambo lirudiwe rudiwe. Wengi wenye usonji wanapenda hivyo, na ufundi ambao kwingine unaonekana kama kuchosha kwao ni raha.

Usianze na ukindu. Anza na vipande vitatu vya kanga kuukuu, upana wa vidole viwili, urefu wa mkono wa mtu mzima, kila kimoja na rangi yake: chekundu, cha njano, cheusi. Vifunge pamoja juu na uviningʼinize kwenye nondo ya dirisha au mgongo wa kiti, usawa wa kifua cha mtoto. Vitambaa havikati ngozi, havikatiki, na rangi zinasaidia kusema "sasa nyekundu" badala ya "sasa cha kushoto".

Hapa kuna siri ya kufundisha ambayo ningependa kila mzazi aijue: anzia mwisho. Mzunguko mmoja wa kusuka una vitendo vitatu, navyo sisi tunaviimba: *juu, katikati, vuta*. Siku za kwanza mimi nafanya juu, nafanya katikati, mtoto anavuta tu. Ameimaliza kazi yeye. Akishakuwa na uhakika wa kuvuta, namwachia katikati na vuta. Mwisho yote matatu. Ukianzia mwanzo, mtoto anafanya kipande cha kwanza, anakwama, mwalimu anamalizia, na anachojifunza kila siku ni kwamba yeye hamalizi. Namna hii inafaa pia kwa kufunga vifungo vya shati na kuvaa soksi.

Akizoea kitambaa, nenda kwenye kamba za katani. Sisi wa Tanga mkonge tumezaliwa nao. Uliingizwa huku mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mpaka leo kamba zake ni rahisi kupatikana. Katani inakwaruza. Kwa mtoto anayetafuta mguso wenye nguvu, yule anayejibamiza ukutani na kukumbatia watu kwa kubana, mkwaruzo huo unamridhisha. Anayechukia mikwaruzo aruke hatua hii.

Ukindu ndio wa mwisho. Nunua uliokwisha kukaushwa na kutiwa rangi, kwa wanawake wanaosuka mikeka. Wengine watakwambia miyaa. Muhimu ni upana na ulaini. Unyunyizie maji usiku, uufunge kwenye kitambaa, asubuhi utakuwa mlaini. Kingo zake hukata, kwa hiyo upitishe kwanza mkononi mwako. Anza na msuko wa vipande vitatu ule ule wa kanga. Ukili hasa wa mkeka, wenye vipande vingi, huhitaji mwalimu aliyelelewa nao, nami si mmoja wao. Tulimwomba mama mmoja jirani wa shule aje kila Alhamisi. Hakuwahi kusomea elimu maalumu, lakini alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akasuka bila kumsemesha mtu, na baada ya nusu saa alikuwa amezungukwa na watoto watano.

Shanga

Shanga ni nzuri kwa vidole viwili vya kubana, dole gumba na cha shahada, vile vile vinavyoshika penseli. Zitengeneze wenyewe kwa udongo, kubwa kama limau dogo, tundu la upana wa kalamu. Uzi usiwe uzi. Uwe waya wa umeme wenye ganda, kwa sababu hausinyai unapoingia tunduni. Hilo tu.

Kipindi chenyewe

Dakika ishirini zinatosha. Kwa mtoto mpya, tano. Watu wazima wawili, watoto wasiozidi sita.

Kila siku anza na kumaliza kwa kitu kile kile. Sisi tunaanza kwa kunawa mikono kwenye beseni huku tukiimba majina, tunamaliza kwa kunawa tena. Ubaoni kuna vitu vitatu vilivyoning'inizwa kwa kamba: kipande cha sabuni, kibonge cha udongo, kikombe. Maana yake tunanawa, tunafanya kazi, tunakunywa uji. Picha zinafaa, lakini kwa mtoto asiyeelewa picha kitu chenyewe kinasema vizuri zaidi. Kazi ikiisha, kibonge kinashushwa. Kelele za "sitaki kuacha" zilipungua sana tulipoanza kushusha kibonge.

Mpe mtoto uchaguzi wa vitu viwili, si vitano. Inua udongo mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine, subiri. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Watoto wetu wengi wanajibu kwenye nane, na sisi kwa kawaida huwa tumeshaamua kwenye tatu.

Kwa mtoto kiziwi, kumbuka kwamba macho yake hayawezi kutazama mikono yako inayosuka na mikono yako inayozungumza kwa wakati mmoja. Onesha kwanza, weka kazi chini, kisha sema kwa alama. Wakae nusu duara waonane.

Kusaidia kwa mkono kuna namna mbili. Tumezoea kuweka mkono wetu juu ya wa mtoto na kuuendesha. Mtoto anageuka kijiko. Jaribu kinyume chake: mkono wako uwe chini, wake uje juu ya wako, uhisi unachofanya na uweze kuondoka ukitaka. Kwa wasioona na kwa wasiopenda kushikwa, tofauti ni kubwa. Brashi na vijiti vinavyoteleza, vinenepeshe: toboa kipande cha ndala iliyokatika, penyeza brashi katikati (kwa mtoto mwenye mgongo wazi tumia kitambaa badala ya ndala, kama nilivyokwisha kusema).

Na usiulize "hii ni nini?" Mtoto ametengeneza donge lenye matundu, pengine si kitu. Sema unachokiona: "Umetoboa matundu mengi upande huu." Akitaka kukwambia ni nyumba ya kaa, atakwambia, kwa mdomo au kwa kidole.

Siku mbaya zitakuja. Mtoto atatupa sinia, au atalia, au atavunja kibakuli cha mwenzake. Angalia kwanza njaa, choo, joto na kelele, kwa mfuatano huo. Mimi nina kona nyuma ya kabati yenye jamvi na ndoo ndogo ya udongo mgumu wa kupiga. Anayetaka kupiga aende akapige. Hiyo si adhabu, na anayekwenda huko hasimangwi.

Daftari

Andika mistari miwili kwa kila mtoto, siku hiyo hiyo. Yangu ni ya namna hii: "Jumanne. Udongo. Dakika 4. Alichoma kwa kijiti mara mbili, akafuta mkono kwenye shati, akaondoka." "Jumanne, wiki ya sita. Udongo. Dakika 11. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Alimpokonya mwenzake donge." Huo upokonyaji niliupigia mstari kwa furaha. Bila daftari hutaona mabadiliko, kwani yanakuja kwa chembe, na mzazi akikuuliza mtoto anaendeleaje utabaki kusema "anajitahidi".

Vitu vilivyotengenezwa viende wapi

Muulize mwenyewe, kwa kuinua mkono kuelekea ukutani, ndooni au kwenye mfuko wake. Wengine wanataka kupeleka nyumbani. Mzazi aambiwe mapema kwamba kile kidude kilichopinda asikisahihishe wala asikitupe mbele ya mtoto. Kikae dirishani, walau wiki.

Kuuza, ni hadithi nyingine. Wapo watu wazima wenye ulemavu wanaoishi kwa kazi za mikono: karakana ya Bombolulu kule Mombasa imekuwapo tangu mwaka 1969, na ile ya Neema Crafts ya Iringa ilianza mwaka 2003 na vijana viziwi watatu waliotengeneza karatasi. Hao ni wafanyakazi wanaolipwa. Mtoto wa miaka tisa anayebonyeza udongo hajaajiriwa, na siku utakapoanza kufikiria bei utaanza pia kunyoosha kingo za kibakuli chake usiku, kama nilivyokuwa nikikata vipepeo. Vivyo hivyo na picha za kuweka kwenye simu: piga mikono na kazi, uso uache, isipokuwa mzazi ameridhia na mtoto mwenyewe hajageuka.

Maji ya kunawia udongo usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba. Sisi tunamwagia mgomba ulio nyuma ya darasa. Kijana wa kisigino ndiye anayebeba beseni, akiliweka mapajani kwenye kiti chake cha magurudumu, na nusu ya maji huishia njiani.